Anza na tundu la kutolea maji

Swali la wiki hii limetoka Birmingham, Uingereza:

"Habari za kazi fundi. Mwanangu wa miaka 14 ana mjusi wa maji wa Kichina, bado mdogo, kama sentimita 40 pamoja na mkia. Anaishi kwenye tangi la kioo tulilouziwa naye. Sasa kijana ameshikilia tumjengee kizimba wenyewe, kikubwa, chenye bwawa na maporomoko ya maji kama anayoyaona kwenye video. Anataka kikae chumbani kwake, ghorofani. Baba yake yuko Dar muda mwingi, kwa hiyo msumeno nitashika mimi. Nianzie wapi, na hayo maporomoko yanawezekana kweli? Mwenyewe anakuamkia, shikamoo."

Marahaba, mwambie nimeipokea. Na wewe dada msumeno usikutishe, ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Duka la mbao litakukatia plaiwudi kwa vipimo utakavyowaandikia, wewe utabaki na skrubu na bisibisi. Kinachoshinda watu ni maji. Kuyaingiza kizimbani ni kazi ya ndoo na mkono. Kuyatoa, karibu kila siku, kwa miaka kumi au kumi na tano atakayoishi huyo mnyama, bila kulowesha nyumba, hapo ndipo mafundi wengi wa video wanapozima kamera. Kwa hiyo anzia kwenye tundu la kutolea maji. Chora hilo kwanza kwenye karatasi, mengine yote yajengwe kulifuata.

Huyo mjusi kwao ni misitu ya kandokando ya vijito, kusini mwa China, Vietnam, Laos, Kambodia na Thailand. Ni wa familia moja na yule mwenye kichwa chekundu anayeota jua juu ya majabali ya Mwanza, ila huyu alichagua mti na maji. Hulala kwenye tawi lililoinamia kijito, na akishtuka anajiachia, chubwi, anazama. Sasa akishakuwa majini kuna jambo hufanya ambalo sijaliona kwenye video hata moja: anakunya. Wengi wao, kama kuna maji, hawaendi haja mahali pengine. Kwa hiyo bwawa mtakalomjengea ni pa kuogelea, ni pa kunywea, na ni choo.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Nilikuwa na miaka mingi ya useremala, nimeanzia Tanga kwenye vitanda na milango, nikajiona sina cha kufundishwa na mjusi. Kizimba changu cha kwanza nilikipa ukuta wa mawe ya bandia, povu la kunyunyizia lililopakwa saruji, na pampu ndogo ya kuvuta maji bwawani na kuyamwaga kutoka juu. Siku tatu za kwanza nilialika watu waje kuona. Siku ya nne nyumba ilinuka. Pampu ilikuwa inachukua alichoacha mnyama majini, inakisaga, inakipandisha juu na kukimwagia jiwe zima. Nilikuwa nimejenga chemchemi ya mavi, tena yenye taa.

Halafu maji yakaanza kupungua, lita mbili, tatu kila usiku. Nikasema ni mvuke. Nilipokuja kubandua lile povu nilikuta maji yamepata ufa nyuma yake, yamefuata skrubu moja na kuingia kwenye ubao. Plaiwudi ya nyuma ilikuwa imeumuka kama mkate uliosahauliwa kwenye kikombe cha chai. Bisibisi iliingia yenyewe hadi kwenye mpini. Na kwa kuwa sikuweka tundu, kusafisha kulikuwa kwa kikombe na sponji, nimepiga magoti, nusu mwili ndani ya kizimba, mjusi amenikalia mgongoni. Mwezi wa kwanza nilifanya kila siku. Mwezi wa tatu nilifanya Jumamosi. Mwezi wa nne mnyama alitoka malengelenge tumboni, na daktari wa wanyama akaniambia bila kuzunguka kwamba ni maji yangu machafu.

Haya, tujenge chako.

Dume aliyekomaa hufika karibu sentimita 90, theluthi mbili zikiwa mkia. Usimjengee wa leo. Mimi ningekata kizimba chenye urefu wa sentimita 180, kina cha 90, na kimo cha 160 kuanzia pale anapokanyaga. Chini yake kuna meza ya sentimita 60, na hiyo meza ndiyo siri ya kazi yote, kwa sababu ndani yake ndimo litakamoning'inia beseni. Beseni lenye kina cha sentimita 25 hivi litaacha nafasi chini yake ya kuweka bomba, koki, na ndoo ya kawaida chini ya koki. Ukifungua, maji yanashuka yenyewe. Jumla ni sentimita 220, kwa hiyo pima dari lako kabla hujaagiza kitu. Faida ya pili ya meza ni kwamba mjusi anawaangalia watu kutoka juu. Anayeishi sakafuni na kuona miguu mikubwa ikimjia kutwa huwa na wasiwasi usioisha.

Beseni usilijenge. Najua video zinaonyesha watu wakipaka mpira wa maji kwenye sanduku la mbao na kulijaza, na wengine linawakubali. Wewe nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue lile beseni refu jeusi la kuchanganyia saruji, la lita 90 hivi. Ni rahisi, halipasuki, na likichakaa unalitoa na kuweka jingine kwenye tundu lilelile. Toboa kitako chake upande mmoja, karibu na ukuta wa beseni, kwa msumeno wa duara wa kufunga kwenye drili. Hapo funga konekta ya tangi, ileile ambayo fundi bomba wa kwetu anafunga kwenye simtanki, ya inchi moja na nusu. Ndogo kuliko hiyo itazibwa na majani na ngozi anayojibandua.

Sikiliza hapa vizuri, maana wengi wanaharibu: usipake silikoni. Plastiki ya mabeseni haya haishikani na silikoni. Itaonekana imeshika, baada ya miezi unaibandua kama ganda la yai la kuchemsha. Kinachozuia maji ni washa ya mpira iliyobanwa. Lainisha kingo za tundu kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, washa ikae upande wenye maji, nati ikazwe kwa mkono mpaka igome, kisha robo mzunguko kwa spana. Basi. Ukiikaza kwa hasira washa inachomoza pembeni na ndipo inapovuja. Kwa chini weka elbo, kipande cha bomba hadi mbele ya meza, na koki ya kufungua kwa mkono mmoja. Beseni nalo liinamie kidogo kuelekea kwenye tundu. Kijiti cha sentimita moja chini ya upande wa pili kinatosha.

Kwa kipimo hicho, maji ya kina cha sentimita 20 yatakuwa kama lita 60, ndoo tano. Ila mjusi wenu bado mdogo, msimzamishe: maji yafike mabegani mwake tu, na pawe na jiwe au gome linaloegemea ukingo ili atoke bila kuhangaika. Beseni lina kuta za utelezi na mjusi mdogo aliyechoka anaweza kufa maji humo. Kadiri anavyokua ndivyo mtakavyoongeza.

Chujio la nje, lile la mabomba mawili, linasaidia maji yasichafuke haraka. Halichukui nafasi ya koki. Akinya, maji yatoke yote, beseni lisuguliwe, yaingie mengine. Maji hayo yamwagwe chooni. Sinki la jikoni liacheni, na ndoo hiyo isifanye kazi nyingine ndani ya nyumba, maana reptilia wengi hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, bila wao kuumwa. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila mara, kijana na wewe.

Kwa mbao, tumia plaiwudi ya nje ya milimita 18, aina ya ile tunayoiita marinibodi nyumbani. Usidanganyike na mbao za unga wa mbao zenye ngozi nyeupe ya plastiki, hata kama muuzaji anaapa hazipitishi maji. Ngozi haipitishi kweli, lakini kila ulipokata na kila ulipotoboa kuna mdomo ulio wazi, na ukishakunywa haufungi tena. Hata plaiwudi nzuri hunywea kwenye kingo. Kabla ya kuunganisha, paka kingo zote mara tatu na nyuso mara mbili kwa epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya kutoka makopo mawili, dirisha likiwa wazi. Baada ya kuunganisha, ziba pembe zote za ndani kwa silikoni ya kutengenezea matangi ya samaki. Ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo hatuitaki mdomoni mwa mjusi. Kipimo cha kukauka ni pua yako: silikoni hiyo inanuka siki, na maadamu unasikia siki, bado. Epoksi nayo uipe wiki mbili nzima.

Sakafu ya kizimba, ile inayozunguka beseni, iinamie kuelekea majini. Weka pimamaji juu yake, na safari hii usitafute kile kiputo cha hewa kikae katikati kama ulivyozoea kuona mafundi wakifanya. Kisogee kidogo upande ulio mbali na beseni. Sentimita moja kwa urefu wa meza inatosha. Anaporuka majini mjusi hurusha maji, na akitoka anaburuta mengine kwa mkia. Ukiwa umeinamisha hivyo, yote yanarudi yalikotoka, na wewe hudaiwi kitambaa.

Utaona sijataja udongo. Sipendi udongo kwenye sakafu ya namna hii. Unateremkia majini, unaziba tundu, na kazi yote ya juu inakuwa bure. Mimea iwe ndani ya vyungu vilivyosimamishwa imara, vipande vya magome hapa na pale, basi. Unyevu anaohitaji, asilimia 60 hadi 80, utatoka kwenye bwawa, vyungu, na kunyunyiza asubuhi na jioni. Isipokuwa sanduku moja. Kama mjusi wenu ni jike, akikomaa atataga hata kama hajaonana na dume, na atahitaji sanduku la udongo na mchanga wenye unyevunyevu, kina cha sentimita 25 hivi, achimbe na kufukia. Akikosa pa kutagia anaweza kubaki na mayai tumboni na kufa nayo. Na msishangae sana hayo mayai: kwenye bustani ya wanyama ya taifa ya Smithsonian, kule Washington, jike wa aina hii alizaa mtoto bila dume, na uchunguzi wa vinasaba ukathibitisha.

Sasa maporomoko, kabla kijana hajakata tamaa. Yanawezekana kwa sharti moja: kila tone linalopanda lishukie ndani ya beseni, na nyuma ya jiwe pasiwe na ukuta wala povu. Chukueni bamba refu la jiwe, lile la kuezekea nyumba za zamani huko kwenu linafaa sana, mlisimamishe ndani ya beseni lenyewe likiegemea ukingo. Pampu ndogo ikae pembeni ndani ya kiboksi chenye matundu kilichojazwa sponji, mpira mwembamba wa maji upandishwe hadi kichwa cha jiwe, maji yateremke yakilamba uso wake. Hayana kishindo cha video. Yana sauti ya mfereji baada ya mvua, na mjusi ataramba matone hapo, kwa sababu wengi wao maji yanayotembea huyaona upesi kuliko yaliyotulia. Ukitaka kusafisha unalinyanyua jiwe kwa mikono miwili unakwenda nalo bafuni. Pampu iwake mchana tu, na izimwe kabla koki haijafunguliwa. Ikinyonya hewa inaungua. Sponji ioshwe kila maji yanapotolewa. Hiyo iwe kazi ya aliyetaka maporomoko.

Mlango uwe wa kioo kilichotiwa ugumu. Hapa kuna ugonjwa maarufu wa mijusi hawa: hawaelewi kioo. Wanaona sebule, wanaitaka, wanasukuma pua kutwa mpaka inachubuka, inaoza, na taya linaharibika. Yawezekana kabisa wa kwenu ameshaanza ndani ya tangi. Mwangalieni ncha ya pua. Kuta tatu za mbao zinapunguza tatizo. Kwenye kioo bandikeni ukanda wa karatasi ya ukungu, kimo cha sentimita 20 kutoka chini, aone kwamba hapo pana kitu.

Matawi yawe manene kama kiwiliwili chake, yafungwe kwa skrubu kutoka nje ya ubao, kisha kila kichwa cha skrubu kizibwe. Tawi kubwa kuliko yote lipite juu ya bwawa. Akishtuka usiku atajitupa, na ni vizuri chini yake pawe na maji.

Joto na mwanga nitapita haraka kwa sababu vifaa vyake vinakuja na maelezo. Pa kuota jua pafike nyuzi 32 hadi 35, upande wa baridi 24 hadi 26, usiku pashuke kama 21. Taa ya joto iwe na thamostati, kifaa cha kuizima joto likitosha, na izungushiwe kikapu cha waya, maana huyu anaruka na atairukia. Taa ya mrija inayotoa UVB, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ni lazima. Bila huo mifupa inalegea. Ubadilishwe kila baada ya miezi 12 hivi hata kama bado unawaka, kwa kuwa miale huisha kabla ya mwanga. Matundu ya hewa weka mstari mmoja chini mbele na mwingine juu nyuma. Kizimba chenye maji na kisicho na upepo kinaota kuvu ndani ya wiki.

Umeme nao. Vyote vipite kwenye kikata umeme cha usalama, kile cha miliampia 30, ambacho huko kinauzwa hata cha kuchomeka ukutani. Na kila waya unaotoka kizimbani ushuke kwanza chini ya usawa wa soketi, ufanye tumbo, ndipo upande kuingia. Tone likitembea juu ya waya litaishia kwenye tumbo na kudondoka sakafuni, halitaingia kwenye soketi.

Nimeacha chumba cha ghorofani hadi sasa kwa sababu najua jibu halitapendwa. Plaiwudi tano au sita, kila moja zaidi ya kilo 30. Maji kilo 60. Kioo, matawi, vyungu vyenye udongo ulioloa: unapita kilo 300 kirahisi. Sakafu za mbao za nyumba za kawaida Uingereza hukadiriwa kwa takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na kizimba hiki kinakalia mita moja na nusu na kidogo. Sisemi kitaanguka usiku. Nasema sakafu itaanza kulegea, pimamaji litaanza kusema uongo, na siku koki ikisahaulika wazi dari la sebule ndilo litakalopokea. Kiwekwe chini, kwenye ukuta usiopigwa na jua la dirishani, karibu na choo kadiri inavyowezekana. Na ndoo tano za maji ya choo cha mjusi kuzishusha ngazi kila mara, kijana mwenyewe hatafika Pasaka.

Jambo moja la karatasi: tangu mwaka 2023 biashara ya kimataifa ya mjusi huyu iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo risiti mliyopewa dukani itunzeni. Na wasomaji wangu wa Bara na Pwani mnaosoma hapa mkimkumbuka yule kenge wa mtoni, mwacheni mtoni. Kenya na Tanzania kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai, na kenge anaweza kupita mita mbili na ana meno.

Mkimaliza, msimhamishe siku hiyohiyo. Kateni vipande vya karatasi ya chooni, vikavu, mviweke chini ya konekta, chini ya elbo, chini ya koki, na kwenye kila pembe ya meza. Jazeni maji mpaka juu, washeni pampu na taa, mlale. Karatasi ya chooni haifichi, hata jasho la nati italionyesha kwa doa la ukubwa wa punje ya mtama. Ikitokea, robo mzunguko mwingine wa spana, karatasi mpya, siku nyingine mbili. Zikitoka kavu zote, endesheni kila kitu wiki nzima mkiandika joto na unyevu asubuhi na usiku. Halafu mleteni, jioni, taa zikiwa karibu kuzimwa, mumweke kwenye lile tawi la juu ya maji na mwondoke chumbani.